Nani Aliandika Mstari Huu? Migongano ya Alama za Mwisho wa Mstari katika Hazina za Pamoja za Data za Lugha

Ikisiri

Makala hii inaeleza tatizo dogo la kiufundi lenye athari kubwa katika utafiti wa lugha unaofanywa na watu wengi kwa pamoja, yaani mgongano wa alama za mwisho wa mstari pale mafaili ya data na msimbo yanaposhirikishwa kupitia mfumo wa udhibiti wa matoleo. Kwa kutumia mazingira ya ufukwe wa Ziwa Mweru, ambako Kibemba na Kiswahili hukutana kati ya Zambia na Kongo, makala inaonyesha asili ya tofauti hiyo, namna mfumo wa Git unavyoitafsiri, na madhara yake kwa orodha za msamiati, kopasi zilizowekewa lebo, matini za ushairi na rekodi za sauti. Hoja kuu ni kwamba kanuni ya mwisho wa mstari haipaswi kuachiwa mpangilio wa kompyuta ya kila mtafiti. Inapaswa kuandikwa ndani ya hazina yenyewe tangu siku ya kwanza. Isipoandikwa, historia ya nani alichangia nini hupotea, na pamoja nayo sehemu ya ushahidi wa utafiti.

Maneno muhimu: udhibiti wa matoleo, mwisho wa mstari, data za lugha, Kibemba, Kiswahili, Ziwa Mweru

1.0 Utangulizi

Mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unapita katikati ya Ziwa Mweru. Upande wa Zambia kuna Nchelenge, katika Mkoa wa Luapula, pamoja na kisiwa cha Kilwa. Upande wa Kongo kuna mji ambao nao unaitwa Kilwa, ukiwa ufukweni mwa ziwa hilohilo. Kibemba ni lugha kuu ya mawasiliano mkoani Luapula, na ni miongoni mwa lugha saba za wenyeji zinazotumika rasmi nchini Zambia katika elimu na utangazaji. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo. Juu ya lugha hizo kuna Kiingereza upande mmoja na Kifaransa upande wa pili. Mtafiti anayetaka kuandika istilahi za uvuvi, afya au biashara ya samaki katika eneo hili hana budi kukusanya data pande zote mbili za maji, na kwa sababu hiyo hana budi kushirikiana na watu wasiokaa naye ofisi moja wala kutumia kompyuta za aina moja.

Ushirikiano wa namna hii sasa ni jambo la kawaida katika utafiti wa lugha za Afrika. Kopasi ya MasakhaNER, iliyotolewa mwaka 2021, ilikusanya habari za magazeti katika lugha kumi zikiwamo Kiswahili, Kinyarwanda, Kiganda na Kijaluo, na kuziwekea lebo za majina ya watu, mahali na asasi. Kopasi ya BembaSpeech, iliyoandaliwa na Claytone Sikasote na Antonios Anastasopoulos, ina zaidi ya saa 24 za usomaji wa Kibemba pamoja na maandishi yake. Zote mbili zimewekwa wazi katika hazina zinazoendeshwa kwa mfumo wa Git. Hivyo mwanaisimu ambaye hakuwahi kujiona kuwa mwanaprogramu anajikuta akitumia zana zilizobuniwa kwa ajili ya wanaprogramu, na anarithi matatizo yao pia.

Miongoni mwa matatizo hayo, moja halionekani kwa macho. Mtu hufungua faili, husahihisha maneno matatu, huhifadhi. Mfumo unatangaza kwamba faili zima limebadilika. Mwenzake akifungua faili hilo haoni tofauti yoyote. Herufi ni zilezile, nafasi ni zilezile, mpangilio ni uleule. Kilichobadilika ni alama isiyochapishwa inayoiambia kompyuta kwamba mstari umekwisha. Makala hii inawalenga watafiti wanaosimamia data za namna hiyo pamoja na washauri wa sera wanaoandaa miongozo na mikataba ya miradi ya lugha. Haihitaji ujuzi wa awali wa uprogramu.

2.0 Asili ya tofauti

Aliyewahi kutumia mashine ya taipu ya mkono atakumbuka wenzo uliokuwa upande wa kushoto. Mpigaji alipofika mwisho wa mstari aliusukuma, na mambo mawili yakatendeka: kibebeo cha karatasi kikarudi mwanzo, na karatasi ikapanda mstari mmoja. Kwa mkono ulikuwa msukumo mmoja, lakini ndani yake mlikuwa na vitendo viwili. Mashine za kupeleka maandishi kwa waya zilivitenganisha vitendo hivyo, kila kimoja kikiwa na ishara yake. Viwango vya usimbaji wa herufi vikarithi utengano huo. Katika kiwango cha ASCII, ambacho toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 1963, ishara ya kurudi mwanzo wa mstari ina namba 13 na hufupishwa kwa CR. Ishara ya kushuka mstari ina namba 10 na hufupishwa kwa LF.

Kompyuta haina kibebeo cha karatasi, kwa hiyo haikuhitaji ishara zote mbili. Wabunifu wa mifumo endeshi walilazimika kuchagua, nao hawakuchagua sawa. Mfumo wa Unix, ukifuata Multics uliotangulia, ulichukua LF peke yake, na Linux ikafuata njia hiyo. Mfumo wa CP/M ulitumia zote mbili kwa mfuatano wa CR na LF. MS-DOS ya mwaka 1981 ikaendeleza desturi hiyo na kuirithisha Windows. Kompyuta za Macintosh za awali zilitumia CR peke yake hadi zilipohamia Mac OS X mwaka 2001, ambayo ina mizizi katika Unix na hutumia LF.

Hakuna chaguo lililo kosa miongoni mwa hayo matatu. Kila moja lina mantiki yake, na kila moja linafanya kazi vizuri likiwa nyumbani kwake. Shida huanza pale faili linapovuka kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Kwa miaka mingi kihariri cha Notepad cha Windows kilipofungua faili lenye LF pekee kiliionyesha matini yote kama mstari mmoja mrefu. Ni mwaka 2018 tu ndipo kilipowezeshwa kuzitambua alama zote. Tangu hapo vihariri vingi huonyesha mafaili ya aina zote bila kulalamika. Maboresho hayo yana faida, lakini pia yameficha tofauti: mtumiaji haoni tena dalili, ilhali baiti zilizo ndani ya faili bado hazifanani.

3.0 Namna Git inavyoiona tofauti

Git ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kusimamia msimbo wa kiini cha Linux. Kazi yake ni kutunza historia ya mafaili: kila badiliko lililothibitishwa, ambalo hapa tutaliita wasilisho, huhifadhiwa pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe na maelezo yake. Git haisomi maana ya maneno. Hukokotoa kitambulisho cha kila faili kutokana na baiti zake, na inapoonyesha mabadiliko hulinganisha mstari kwa mstari. Baiti moja ikitofautiana, mstari mzima huhesabiwa kuwa umefutwa na mwingine kuandikwa mahali pake.

Tuchukue neno «ziwa» likiwa peke yake katika mstari. Katika faili la Linux mstari huo una baiti tano:

122 105 119 97 10

Katika faili la Windows mstari huohuo una baiti sita:

122 105 119 97 13 10

Kwa msomaji wote wawili ni «ziwa». Kwa Git ni mistari miwili isiyolingana.

Sasa tuchukue mfano wa kielelezo, si tukio lililotokea. Timu moja ina orodha ya istilahi za uvuvi yenye mistari 2,000, kila mstari ukiwa na neno la Kibemba, alama ya mkato, na neno la Kiswahili: isabi na samaki, ubwato na mtumbwi, na kuendelea. Faili lilianzishwa kwenye Linux. Mtafiti aliye Nchelenge analifungua katika programu ya lahajedwali kwenye Windows, anasahihisha tahajia tatu, analihifadhi na kuliwasilisha. Programu yake imeandika CR na LF mwishoni mwa kila mstari. Git inaripoti kwamba mistari 2,000 imefutwa na mistari 2,000 imeongezwa. Masahihisho matatu yamezama humo, na mhakiki hawezi kuyaona bila kusoma orodha yote upya.

Wakati huohuo mwenzake aliye upande wa Kongo ameongeza maana za maneno kumi katika tawi lake la kazi, akitumia Linux. Matawi mawili yanapounganishwa, Git hukuta kwamba upande mmoja umebadilisha kila mstari na upande wa pili umebadilisha baadhi ya mistari hiyohiyo. Haiwezi kuamua nani afuatwe, hivyo hutangaza mgongano unaoweza kuenea faili zima. Mtu aliyechoka, akiwa na saa chache za umeme au intaneti, atashawishika kuchagua nakala moja na kuitupa nyingine. Akifanya hivyo, ama masahihisho matatu ama maana kumi zinapotea, na hakuna ujumbe wa hitilafu utakaomjulisha mtu yeyote.

Hata mgongano ukitatuliwa kwa uangalifu, hasara nyingine hubaki. Git ina amri inayoonyesha, kwa kila mstari, ni nani aliyeugusa mara ya mwisho. Baada ya wasilisho la Nchelenge, amri hiyo itaonyesha jina la mtu mmoja kwenye mistari yote 2,000. Mzee wa kisiwani aliyetoa majina ya nyavu, mwanafunzi aliyeyanakili, mhariri aliyeyathibitisha, wote wametoweka katika mwonekano wa kwanza wa historia. Rekodi zao bado zimo ndani zaidi, lakini atakayezifikia ni yule tu anayejua kuzichimbua.

4.0 Athari mahususi kwa data za lugha

Wanaprogramu huliona tatizo hili hasa kama usumbufu, kwa kuwa msimbo uliobeba alama zisizotarajiwa mara nyingi hukataa kuendeshwa na kosa huonekana mapema. Programu ndogo ya maelekezo iliyoandikwa kwenye Windows na kupelekwa Linux, kwa mfano, inaweza kusimama kwa ujumbe kwamba mfasiri wake hapatikani, kwa sababu CR imeunganishwa na jina la mfasiri huyo katika mstari wa kwanza. Data za lugha hazina kinga hiyo. Huendelea kusomwa, na kosa huingia katika matokeo kimyakimya.

4.1 Safu ya mwisho

Katika mafaili yenye safu, CR hung'ang'ania safu ya mwisho. Zana inayokata mistari kwa LF pekee, kama vile awk, itasoma «samaki» ikifuatiwa na CR, na kwake neno hilo si sawa na «samaki» lisilo na CR. Mafaili mawili yaliyounganishwa kutoka pande mbili yatatoa hesabu mbili za neno moja. Python, kwa chaguo-msingi lake la kusoma matini, huzitambua alama zote tatu na kuzigeuza kuwa moja, hivyo matokeo yake yanaweza kutofautiana na ya awk juu ya faili lilelile. Watafiti wawili wanaobishana kuhusu idadi ya maneno huenda wote wamehesabu sawasawa.

4.2 Mstari mtupu

Kopasi za aina ya MasakhaNER hutumia mpangilio ambao kila mstari una neno moja na lebo yake, na mstari mtupu hutenganisha sentensi na sentensi. Katika mpangilio huo utupu una maana: ndio mpaka wa sentensi. Ikiwa mstari huo unabeba CR, hauko mtupu tena. Programu inayotafuta mstari usio na kitu kabisa haitauona mpaka, na ama itasimama kwa hitilafu ama itaunganisha sentensi mfululizo kuwa moja. Lebo nazo zitaongezeka maradufu, kwa kuwa lebo yenye CR itahesabiwa kuwa aina mpya. Sidai kwamba kopasi hiyo ilipatwa na madhara haya. Naonyesha kwamba mpangilio wenyewe unayaruhusu, na kwamba anayeunda kopasi kama hiyo kwa lugha za Mweru anapaswa kujikinga mapema.

4.3 Mishororo

Katika nathari, mahali mstari unapokatika ndani ya faili huenda pasiwe na maana. Katika ushairi wa Kiswahili mshororo ni kipimo: vina na mizani huhesabiwa kwa kuutegemea. Matini ya utenzi iliyohifadhiwa zamani kwenye Macintosh kwa CR pekee, ikisomwa na zana ya Linux, itaonekana kuwa mshororo mmoja tu, hata kama ina mamia ya beti. Mtafiti wa arudhi anayehesabu kwa kompyuta atapata sifuri mahali palipo na utajiri.

4.4 Sauti

Hatari kubwa kuliko zote huja pale mtu anapojaribu kutatua tatizo kwa kuiamuru Git ichukulie kila faili kuwa matini. Rekodi ya sauti si matini, lakini ndani yake mna baiti zenye thamani yoyote, zikiwamo 13 ikifuatiwa na 10 kwa bahati tu. Git ikiondoa 13 katika kila jozi ya namna hiyo, baiti zote zinazofuata husogea nafasi moja. Katika sauti ya biti 16, ambamo kila kipimo kina baiti mbili, kusogea huko huvuruga vipimo vyote vinavyofuata na kugeuza usemi kuwa kelele. Msimulizi aliyerekodiwa mara moja tu huenda asipatikane tena.

4.5 Uthibitisho wa nakala

Miradi mingi huchapisha kitambulisho cha kihisabati cha faili ili mhakiki aweze kuthibitisha kwamba nakala aliyoipata ndiyo iliyotumika katika utafiti. Kitambulisho hicho hukokotolewa kutokana na baiti. Faili lenye maneno yaleyale lakini miisho tofauti ya mistari litatoa kitambulisho kingine kabisa, na mhakiki atakuwa na haki ya kuitilia shaka nakala isiyo na dosari ya kiisimu.

5.0 Suluhisho na mipaka yake

Git ina mpangilio uitwao core.autocrlf, ambao kila mtumiaji huuweka kwenye kompyuta yake. Ukipewa thamani true, Git hugeuza LF kuwa CR na LF faili linapotolewa hazinani, na kuirudisha LF linapowasilishwa. Ukipewa thamani input, hugeuza wakati wa kuwasilisha tu. Ukipewa thamani false, haigusi chochote. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba watumiaji wa Windows waweke ya kwanza na wa Linux waweke ya pili.

Ushauri huo unafaa pale watu wote wanapojulikana na kompyuta zao kudumu. Katika mazingira ninayoyazungumzia hautoshi. Kompyuta huazimwa, hurithiwa kutoka mradi mmoja hadi mwingine, na huwekewa mifumo upya. Mafaili husafiri kwa flashi au kwa simu kabla ya kufika hazinani. Mpangilio uliomo katika kompyuta ya mtu hausafiri pamoja na data. Akija msaidizi mpya asiyeelezwa, mgongano hurudi. Isitoshe, ushauri huo humbebesha lawama mtu asiye na kosa. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2005 kuhusu mafaili ya safu zilizotenganishwa kwa mkato, uitwao RFC 4180, wenyewe hutaja CR na LF kuwa mwisho wa mstari. Mtumiaji wa lahajedwali anafuata kanuni. Tatizo ni kwamba timu haijasema ni kanuni ipi itakayotawala hazina.

Suluhisho imara ni faili liitwalo .gitattributes, linalowekwa ndani ya hazina yenyewe na kusafiri na kila nakala. Kanuni zake huushinda mpangilio wa kompyuta binafsi. Kwa mradi wa data za lugha, mistari ifuatayo inatosha kwa kuanzia:

* text=auto
*.csv text eol=lf
*.tsv text eol=lf
*.txt text eol=lf
*.sh text eol=lf
*.bat text eol=crlf
*.wav binary
*.mp3 binary

Mstari wa kwanza unaiachia Git ibainishe lipi ni matini na lipi siyo. Neno auto ndilo kinga ya rekodi za sauti. Likiachwa, kila faili lisilotajwa mahususi litachukuliwa kuwa matini. Mistari ya kati inataja wazi aina za mafaili ambamo hatutaki makisio. Mistari miwili ya mwisho inakataza ugeuzaji wowote wa sauti.

Hazina iliyokwisha kuanza bila faili hilo inahitaji hatua ya ziada. Kwanza, amri git ls-files --eol itaonyesha hali ya kila faili. Pili, timu ikubaliane siku ambayo kila mwanachama amekwisha kuwasilisha kazi yake na matawi yote yameunganishwa. Tatu, baada ya kuweka .gitattributes, amri git add --renormalize . itaandaa mafaili yote kwa kanuni moja, na badiliko hilo liwasilishwe peke yake, bila kuchanganywa na sahihisho lolote la kiisimu. Nne, kitambulisho cha wasilisho hilo kiandikwe katika faili maalumu, ambalo kwa desturi huitwa .git-blame-ignore-revs, na Git ielekezwe kulisoma kupitia mpangilio wa blame.ignoreRevsFile. Tangu toleo la 2.23 la mwaka 2019, Git inaweza kuruka wasilisho la namna hiyo inapoonyesha nani aliandika mstari upi. Kwa njia hii majina ya wachangiaji wa awali hurudi mahali pao.

Kwa hazina ambayo tayari imo katikati ya mgongano, matawi yanaweza kuunganishwa kwa kuiambia Git ipuuze tofauti ya CR mwishoni mwa mistari, kwa chaguo la -X ignore-cr-at-eol. Mabadiliko halisi ya maneno ndiyo yatakayobaki kuamuliwa na binadamu. Hatua hii ni ya dharura tu. Haiondoi haja ya kanuni ya kudumu.

Suluhisho hili lina mipaka. Git haiwezi kulinda faili lisilopita kwake. Data zinazotumwa moja kwa moja kutoka simu hadi simu bado zinaweza kuharibika, na usimbaji wa herufi, ambao kwa data mpya unafaa uwe UTF-8, ni suala jingine linalohitaji kanuni yake. Vilevile .gitattributes haiwezi kumzuia mtu kuchagua nakala moja na kuitupa nyingine. Inachofanya ni kupunguza matukio yanayomlazimisha afanye uamuzi huo.

6.0 Maana yake kwa sera

Historia ya Kiswahili inatoa mfano wa uamuzi wa aina hii. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanzishwa kamati ya lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki kusimamia usanifishaji huo. Mjadala kuhusu uchaguzi huo, na kuhusu lahaja zilizoachwa kando, unaendelea hadi leo, na una haki ya kuendelea. Kwa mwisho wa mstari gharama ya namna hiyo haipo. Hakuna jamii inayojitambulisha kwa CR wala kwa LF, na anayetumia Windows haombwi kuiacha: Git itampa anachokihitaji kwenye kompyuta yake na kutunza kanuni moja hazinani. Ni usanifishaji usiomnyima mtu kitu. Ndiyo maana kuuacha bila kuufanya ni kosa lisilo na utetezi.

Kutokana na hayo, makala inapendekeza mambo manne. Kwanza, mpango wa usimamizi wa data unaodaiwa na wafadhili na vyuo vikuu utaje waziwazi usimbaji wa herufi na alama ya mwisho wa mstari, kama unavyotaja leseni na ridhaa ya wasimulizi. Pili, wasilisho la kwanza la kila hazina ya data za lugha liwe ni faili la .gitattributes, kabla ya neno moja kuingizwa. Tatu, pale kopasi inapotoa malipo au sifa ya uandishi kulingana na mchango uliorekodiwa katika historia ya hazina, hesabu hiyo isifanywe kabla ya kuhakikisha kwamba mawasilisho ya kiufundi yametengwa. Nne, maelezo ya kanuni hizi yaandikwe kwa lugha za wakusanyaji data. Msaidizi anayefahamu Kiswahili au Kibemba hapaswi kusubiri mwongozo wa Kiingereza au Kifaransa ili ajue kwa nini kazi yake imekataliwa na mfumo. Istilahi zilizotumika hapa, kama vile wasilisho, tawi, hazina na mwisho wa mstari, zinatolewa kama mapendekezo. Vyombo vya istilahi vinaweza kuziboresha.

Pendekezo la tatu linahitaji mkazo. Katika miradi ya pande mbili, mtu mwenye kompyuta na intaneti bora ndiye mara nyingi anayewasilisha kazi ya wengi. Historia ya Git tayari inaelekea kumpendelea. Mwisho wa mstari ukigeuka bila kanuni, upendeleo huo unakuwa kamili: anayehifadhi faili ndiye anayeonekana kuliandika. Wakusanyaji wa visiwani, walio mbali na umeme wa kudumu, ndio watakaokuwa wa kwanza kufutika.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba tofauti kati ya CR na LF ni urithi wa mashine za zamani, kwamba kila mfumo endeshi ulifanya uchaguzi wenye mantiki, na kwamba migongano huzuka pale chaguo hizo zinapokutana katika hazina moja isiyo na kanuni. Kwa msimbo, madhara mara nyingi hujitokeza haraka. Kwa data za lugha yanaweza kukaa kimya ndani ya hesabu za maneno, mipaka ya sentensi, mishororo na sauti, na yanaweza kufuta majina ya waliotoa maneno. Kinga yake ni faili moja fupi lisilohitaji fedha wala kifaa kipya. Miradi inayoandaliwa sasa kwa Kibemba, kwa Kiswahili cha Kongo na kwa lugha nyingine za pande mbili za Ziwa Mweru bado ina nafasi ya kuliweka kabla data hazijaanza kukusanywa.